Tangi la Luciana

Chai ndiyo iliyoanza kukataa kukaa sawa. Cheka ukitaka, hata watu wa Manyoni walicheka kwanza. Lakini ungekaa mezani kwa Hana asubuhi ile ungejionea mwenyewe: kikombe kimesimama vizuri juu ya meza, meza imesimama vizuri juu ya sakafu ya saruji, na chai imelala upande wa kushoto mpaka inakaribia kumwagika. Kisha ikarudi katikati polepole, ikalala upande wa kulia. Hana aliinama akaangalia miguu ya meza. Ilikuwa sawa. Akakigonga kikombe kwa kijiko, akakiambia kiache upuuzi, akanywa chai yake na kwenda kuchochea moto.

Hana alikuwa mjane mwenye gesti ya vyumba vichache jirani na stesheni, na mdomo wake ulijulikana mpaka Itigi. Mteja akiimba usiku, atamsikia. Fundi akipindisha ukuta, atamsikia. Jambo moja tu hakuna aliyewahi kumlaumu nalo: ukiingia kwake na vumbi lako la safari, kabla salamu haijaisha, kikombe cha maji kiko mkononi mwako. Kule kwetu, nchi kavu vile, kumwacha mtu mlangoni na kiu ni aibu kubwa kuliko kumtukana mama yake. Alimlea binti yake Yasinta hivyo hivyo. Mtoto alianza kupelekea wageni maji akiwa bado anayumba kwa kujifunza kutembea, nusu ya kikombe ikimwagika njiani, na Hana akimpigia makofi.

Yasinta ndiye aliyembakia. Alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi Tabora, sanduku lake la bati lilikuwa limeshapakwa rangi, na siku ya kuripoti ilikuwa inakaribia. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine. Hana alikuwa ameshamtangaza mji mzima: "Nesi wangu anaondoka."

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza mwiko na chumvi tu yalijaa ghafla, mitumba ikamwagwa sokoni, kila mwenye chumba cha ziada akafungua gesti, na mali chakavu za umma zikapigwa mnada. Wenzake walikimbilia mabati. Hana akachukua tangi. Lilikuwa tangi la chuma la pembe nne, limepigwa ribiti pande zote, lililokaa nyuma ya ghala moja tangu vita ya Mjerumani, halina tone. Lilikuja kwa treni, wazee walisema, na zaidi ya hapo hawakujua. Alipolisugua kutu, zikatokea herufi ubavuni: LUCIANA. Akaona ni jina zuri, la Kikristo, akamwita mchoraji aliandike juu ya mlango. Luciana Gesti. Tangi likawekwa uani, likajazwa maji kwa mikokoteni ya punda, na nyumba nzima ikanywa humo.

Mwanzoni ilionekana ni baraka tupu. Wageni walikuja na hawakuondoka. Laurian, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Ikungi, mtu wa haraka ambaye hata ugali alikula amesimama, alitoka asubuhi na begi lake, akafika njia panda, akasimama pale kwa muda, akarudi.

"Umesahau nini?" Hana alimuuliza.

"Sijasahau kitu, Mama Yasinta. Nimeona nipumzike kidogo."

"Na vitunguu vyako navyo vinapumzika?"

Laurian alimpita na begi lake. Aliingia chumbani, na kesho yake akafanya vile vile. Mwalimu Antipasi, aliyekuwa anapita tu kwenda kituo chake kipya, naye akafanya vile vile. Na mafundi ujenzi waliolala chumba cha mwisho. Wote walitoka na mizigo, wote walirudi, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Hana alifurahi, kwa nini asifurahi? Gesti za wenzake zilikuwa zinapiga miayo.

Kisha ikaja harufu. Lami, na kamba mbichi, na chumvi, uani kwa mtu wa Manyoni, mwezi wa kumi, wakati hata mate ni ya kutafuta. Nyumba ya matofali na mabati ikaanza kulia kwa sauti ya mbao zinazojikunja, nyiii, ikinyamaza, nyiii tena, na Hana akapanda darini kutafuta mbao inayolia akakuta boriti zake chache zimetulia kimya. Halafu mchana mmoja, jua likiwa utosini na kuku wote wamekimbilia kivulini, alisikia ndani ya tangi mtu anabisha hodi. Ko, ko, ko. Si kwa nguvu. Alibisha kama anayejua kwamba hatafunguliwa.

Hana aligeuka amwite Yasinta, na hapo ndipo alipowaona wageni wake. Walikuwa wamepiga magoti uani kwenye jua lile, mstari mmoja, Laurian na mwalimu na mafundi, kila mmoja na kipande cha jiwe mkononi, wanasugua saruji mbele na nyuma kwa pamoja, mbele na nyuma, na viganja vilikuwa vimeshaanza kutoka damu.

"Jamani!" alinong'ona. Yeye, Hana, alinong'ona. "Mnafanya nini?"

Mwalimu Antipasi aliinua uso. Alikuwa analia. "Hatujui, mama," alisema. "Tusaidie. Mikono haitaki kuacha."

Siku ya safari ya Yasinta ilipofika, Hana alijikaza asifikirie chochote ila treni. Walibeba sanduku wote wawili. Yasinta aliweka mguu kwenye ngazi ya behewa, akashika chuma, akasimama. Watu nyuma yake wakapiga kelele apande au apishe. Alishuka. Akajaribu tena, akashuka tena, na treni ikaondoka ikimwacha amekaa juu ya sanduku lake.

"Mama, miguu si yangu," alisema taratibu. "Naiambia ipande, inakataa."

Hana alibeba sanduku akamrudisha nyumbani. Usiku kucha hakulala, na alfajiri alijaribu yeye mwenyewe: alitembea barabara ya Singida mpaka nyumba za mwisho, akainua mguu kwenda mbele zaidi, na mguu ukamgeuza ukamrudisha kwake kama mbuzi anayevutwa kamba. Hapo akaelewa kwamba na yeye amefungwa. Miaka yote alikuwa hajataka kwenda popote, ndiyo maana hakuwa amejua.

Alituma ujumbe kwa dereva wa basi, na siku ya pili mganga akaja. Mzee Paskali, kutoka Mtinko, mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi, aliyesifika kwa kutoa majini hata kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wameshazihama. Aliteremka amejaa vumbi mpaka kope. Hana alimkimbilia kwa furaha.

"Shikamoo baba. Karibu, karibu sana, pole na safari."

"Marahaba mwanangu."

Na kikombe kilikuwa kimeshafika mkononi mwa mzee. Hana hakukumbuka hata kuyachota maji yale, mikono yake ilifanya kazi yake ya siku zote. Mzee Paskali alikunywa kikombe kizima, kiu ilikuwa imemshika barabara. Akameza funda la mwisho. Akakinusa kikombe. Akakiinamisha akatazama tone lililobaki, nalo likawa linapanda ukuta wa kikombe taratibu, likishuka, likipanda upande wa pili.

"Mama Yasinta," alisema kwa sauti ndogo, "maji haya umeyatoa wapi?"

Hana alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna haja ya kusema alilia vipi.

Mzee hakumgombeza. Alivua viatu, akalizunguka tangi ameweka kiganja juu ya chuma, akasema humu kuna jini kubwa na lina watu wengi. Akaagiza bomba lifunguliwe, maji yote yamwagwe chini. Hana akafungua. Maji yalitoka yakikimbia uani, na ardhi ikayameza kwa pupa, na yalivyokuwa yanapungua ndivyo koo lake lilivyokuwa linakauka, mpaka ulimi ukawa kipande cha gome mdomoni. Akawatazama wageni: walikuwa wameanguka wanajishika shingo, midomo inapasuka hapo hapo mbele ya macho yake. Na kutoka chumbani akamsikia Yasinta akikoroma, mkoromo mkavu wa mtu anayetafuta pumzi, akajitupa juu ya bomba akalifunga.

Kisha Laurian, aliyelala kifudifudi kwenye matope, akaketi. Macho yake yalikuwa meupe. Na huyu Laurian, eleweni, alikuwa mtu wa bara wa kuzaliwa, bahari aliijua kwa kuisikia redioni tu.

"Nani ameyagusa maji ya chombo?" Sauti ilitoka kifuani mwake, kavu, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine nyingi zinazoitikia chini chini.

"Ni sisi, bwana," Mzee Paskali alijibu kwa adabu, ameinamisha kichwa. "Hatukujua yana mwenyewe. Jitambulishe tukuheshimu."

"Mimi ni mlinzi wa maji ya Luciana."

Jini likaeleza. Luciana ilikuwa jahazi kubwa la biashara, milingoti mitatu, matanga tu bila mashine, lililobeba mbao na vigae na chumvi kutoka bandari hadi bandari, na jini lilipanda humo zamani, likakaa kwenye tangi la maji ya kunywa, na mabaharia wakalizoea, wakilimwagia tone moja kila walipochota. Vita vilipoanza wao walikuwa katikati ya bahari, miezi bila kuona nchi, hawana habari. Wakaiona meli ya chuma ya rangi ya majivu inakuja. Wakafurahi. Walipanga mstari ukingoni wakapunga kofia, mpishi wao akatoka jikoni na sufuria ili na yeye apunge, kwa sababu waliamini ni watu wanaotaka kuwasalimia.

"Wakapanda na bunduki," sauti ilisema. "Wakachukua unga. Wakachukua matanga. Wakafungua tangi chini wakalipandisha, wakasema jeshi lao nchi kavu lina shida ya maji. Wakawafungia watu wangu chini, wakagongomea mlango misumari, wakaliacha jahazi lielee. Mimi nilikuwa ndani ya tangi. Niliwasikia wanabisha. Nilipopakiwa kwenye treni bado nilikuwa nawasikia. Maji walinywa askari, tangi likakauka, likatupwa nyuma ya ghala, na watu wangu wakaramba mbao kwa ndani mpaka Luciana ikazama nao. Wamenifuata. Roho zao zimetembea kwa miguu kutoka baharini mpaka hapa kufuata maji yao. Hazina mikono. Chombo kinataka mikono ya kusugua sitaha."

"Hapa hakuna chombo, bwana," mzee alisema. "Hii ni nyumba ya mama huyu."

Kichwa cha Laurian kiligeuka polepole kikamtazama Hana. "Jina nani aliliandika mlangoni?"

Hana alipiga magoti. "Baba, bwana, mkubwa, mimi nichukue. Nifanye unavyotaka. Mtoto mwachie, ana shule."

"Wewe umo tayari. Huwezi kunipa kilicho changu." Kisha sauti ikasema kwa upole uliotisha kuliko ukali: "Leta mwanamume mmoja anywe mahali pa mwanao. Binti ataondoka. Ila asiyaonje tena maji haya. Akiyaonja, amerudi, na simwachii mara ya pili."

Laurian akaanguka, akaanza kuuliza mbona kalowa.

Mzee Paskali na Hana walikaa uani mpaka jua likazama, wakinong'ona ili wageni wasisikie.

"Usifanye, mwanangu," mzee alisema. "Nipe muda nitafute njia. Mtu akikuomba maji amekuamini."

"Na chuo kitamngoja? Wewe una watoto?"

"Ninao. Wako Mtinko, na leo usiku watakaa macho wakinisubiri." Hakusema kwamba na yeye angeweza kuombewa mtu wa kubadilishana naye, na Hana hakumuuliza. Kila mmoja alijua mwenzake amelifikiria.

Yasinta hakuambiwa kitu. Alikuwa chumbani na midomo yake iliyopasuka wakati jini linasema, na Hana alipoingia alimwambia tu kwamba dawa ya mzee imekubali, ajiandae, na asiulize maswali. Angemwambiaje? Kwamba nesi anaanza uuguzi wake kwa kumwangamiza mtoto wa mtu? Hana alifunga kapu la safari kwa mikono yake: kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, kitambaa safi juu. Mikono ilifunga, lakini akili ilikuwa imeshafika stesheni, inachagua mtu.

Alitaka mtu mbaya. Alijiambia hivyo njia nzima, ndoo ya maji ya tangi kichwani na kikombe mkononi, Yasinta nyuma yake na sanduku na kapu: atamtafuta mlevi, mwizi, mtu aliyempiga mkewe, mtu ambaye hata Mungu angeelewa. Treni ya kutoka Dodoma iliingia mchana, mabehewa yanafoka joto, mikono imejaa madirishani, na kila mkono ulikuwa unaomba maji, na nyuso zote zilikuwa nyuso za watu. Akatembea chini ya madirisha yale akitafuta uso mbaya. Kijana mmoja akashuka mbio, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo mama. Naomba maji, nisamehe, koo limekauka kabisa."

"Marahaba," Hana alisema. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Benson."

"Unakwenda wapi?"

"Kigoma, mama. Nakwenda kuoa."

Nyuma yake Yasinta alijaribu ngazi. Akashuka. Akamtazama mama yake kwa macho yaliyokata tamaa. Na Hana akachota, akampa Benson kikombe kwa mikono miwili kwa heshima, akamwangalia koo lake likipanda na kushuka.

"Mungu akubariki, mama," Benson alisema, akifuta mdomo.

Yasinta alikuwa ameshapanda. Alikuwa juu kabisa, mlangoni, anaitazama miguu yake na kucheka kwa machozi. "Mama! Imekubali! Mama, ona!" Akaingia, akatokea dirishani, akashika mkono wa Hana. Benson alirudi kwenye behewa lake akachukua begi, akasimama tena pale jukwaani.

"Samahani, mama," aliuliza kwa aibu kidogo. "Gesti hapa ziko upande gani? Nimeona nipumzike kidogo."

Hana hakuweza kumtazama. Filimbi ililia, mabehewa yakavutana, na mkono wa Yasinta ukateleza kutoka mkononi mwake, na furaha ikampanda Hana pamoja na fedheha mpaka akashindwa kutenganisha kipi ni kipi. Alitembea sambamba na dirisha. Mwanawe alikuwa amekaa, anaondoa kitambaa juu ya kapu kuona mama amemfungia nini, akatoa kuku, akatoa mayai, na kutoka chini kabisa akatoa dumu dogo la njano, limejaa mpaka shingoni.

Hana hakukumbuka kulijaza. Lakini nani mwingine angelijaza? Maisha yake yote hajawahi kumtoa msafiri nyumbani kwake bila maji ya njiani.

"Usinywe!" alipiga kelele, akakimbia, na khanga ikamtoka mabegani, "Yasinta, mwaga! Mwaga hayo maji, usinywe!", na magurudumu yakayala maneno yake yote, na mtoto, kwa mbali, akidhani ni kwaheri, akapunga mkono wenye dumu mpaka behewa la mwisho likapita na Hana akabaki amesimama kwenye kokoto kati ya reli.

Treni ilikwenda mpaka kwenye mlingoti wa ishara, ikasimama pale, kama treni zinavyosimama mara nyingi kusubiri njia. Hana alisubiri nayo. Aliomba kwa maneno yote ya kanisani aliyoyajua kwamba mtoto asisikie kiu, kwamba amelala, kwamba dumu limemwagika, na jua lilikuwa linachemsha hewa juu ya reli hivi kwamba treni yote ilionekana inaelea na kuyumba, na harufu ya lami na chumvi ilikuwa imemfikia hapo alipo, na Benson, aliyemfuata mpaka hapo, alikuwa ametanua miguu kidogo ili asianguke, ingawa ardhi ilikuwa imetulia.

Kisha watu wakaanza kushuka. Walishuka upande wa porini, mmoja mmoja, behewa moja tu, wanaume na wanawake na watoto, kila mmoja na mzigo wake, wakaja wakifuata reli kurudi Manyoni bila kusemezana, miguu wameitanua wakiyumba kushoto kwa pamoja, na kulia kwa pamoja. Mbele yao alikuwa Yasinta na sanduku kichwani. Dumu lilikuwa linaning'inia mkononi, tupu.

Alifika mbele ya mama yake akatua sanduku. Kwenye ncha ya kidevu chake kulikuwa na tone ambalo bado halijakauka.

"Mtoto mmoja alikuwa analia kiu," alisema. "Nikampa. Na wengine wakaomba, mama, ningefanyaje? Mimi nilikunywa mwisho. Mbona unalia? Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Hana alimfuta lile tone kwa kidole gumba. Wageni walikuwa wamesimama kando ya reli wote, wamechoka, wana vumbi mpaka kope, wanamtazama yeye. Akarudi jukwaani akaokota ndoo yake aliyoiacha pale, akawatangulia kuwaonyesha njia.